Fyuzi ya Novemba 1993

Redio ya marehemu baba ilikaa kimya miaka 31 juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga. Ilivishwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa yakawekwa maua ya plastiki. Wageni walidhani ni pambo. Watoto wa dada yangu walikuwa na hakika kwamba ni mikrowevu ya zamani. Mimi peke yangu nilijua kwamba pale juu pamewekwa ushahidi.

Niseme kwanza ni kitu gani, maana jina lenyewe linatuchanganya. Siku hizi ukisema risiva, mtu anafikiria lile boksi la dishi. Hii ni risiva ya kizamani: redio na amplifaya ndani ya boksi moja, huongezi kitu ila spika mbili, na ukiwa na uwezo, deki ya kaseti na gramafoni. Uso wake ni wa alumini, mbavu za mbao, na kitasa cha kutafutia stesheni ni kizito, ukikisukuma kwa kidole kinaendelea kuzunguka chenyewe hadi mwisho wa mstari. Imetengenezwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Nguvu yake ni wati 35 kila upande. Najua ukisikia 35 unacheka, kwa sababu sabufa ya dukani leo imeandikwa maelfu kwenye boksi. Fungua hiyo sabufa uone transfoma yake ilivyo ndogo, kisha njoo unyanyue hii ya baba kwa mkono mmoja.

Mjomba wetu aliyekuwa Muscat ndiye aliyekuja nayo mwaka 1986, imeviringishwa ndani ya godoro. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zimeanza kurudi madukani baada ya ile dhiki ya foleni za sabuni. Ilikuwa na FM, lakini sisi FM tuliisikia kama mvumo wa bahari tu. Tulikuwa watu wa masafa ya kati: Redio Tanzania Dar es Salaam, Sauti ya Tanzania Zanzibar kutoka ng'ambo ya maji, na Mombasa ikiingia vizuri usiku. Jioni za Ijumaa baba aliweka kaseti za Black Star na Lucky Star, na majirani walikuja kukaa barazani bila kualikwa.

Sasa kosa langu.

Novemba 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan walitoka sare bila kufungana na Stella, mechi ya marudiano ni Dar, Uwanja wa Taifa. Baba alipanda basi kwenda kushuhudia. Mimi nina miaka 13, nimeachiwa nyumba na redio. Mchana ule umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na redio haikuwaka. Kule nyuma kuna kijitundu cha fyuzi chenye kifuniko cha kuzungusha kwa sarafu. Nilikifungua, nikakuta kibomba cha kioo kimeingia weusi.

Duka la spea lilikuwa limefungwa, na hata lingekuwa wazi sikuwa na senti. Lakini mara nyingi nilikuwa nimekaa kwa fundi redio wa barabara ya kumi na mbili, nikamwona anavyofanya. Nikachuna waya wa spika kwa meno, nikachomoa nyuzi tatu za shaba, nikazisokota na kuzizungushia ile fyuzi iliyokufa, kichwa hadi kichwa. Redio ikawaka. Nikasikiliza mechi yote nikiwa nimekaa sakafuni, sikio karibu na spika ya kulia. Simba wakafungwa mbili bila. Baba alirudi kesho yake sauti imekauka, hakusema neno hadi jioni.

Ningeitoa ile waya siku hiyo, makala hii isingekuwepo. Nikasahau. Mtoto akishaona kitu kinafanya kazi, kwake kimepona.

Wiki chache baadaye tulikuwa na shughuli ya harusi ya binamu. Spika zikatolewa uani, waya zikaungwa upya harakaharaka, na nyuzi za waya mmoja zikagusana na za mwenzake kwenye vishikizo vya nyuma. Muziki ukakata na mlio mfupi, kisha harufu ikatoka ambayo hadi leo naitambua kabla sijafungua kifuniko cha chombo chochote. Mbali, upande wa Usambara, mawingu yalikuwa yanapiga radi. Baba akatazama juu, akasema, "Radi hiyo." Wote wakakubali. Mimi pia nilikubali, tena kwa sauti kuliko wote.

Fundi aliitwa. Akawasha, taa zikawaka, sauti hakuna. Akasema moto umepita kwenye transfoma na spea yake haipatikani nchini. Kile kijitundu cha fyuzi hakukigusa. Ndipo redio ikapandishwa kabatini.

Mimi si fundi wa kusomea. Ni mhasibu Dar es Salaam, ila kwa miaka kumi hivi Jumamosi zangu zimeishia kwenye amplifaya za watu. Agosti 2024 nilikwenda likizo Tanga na begi la vifaa, nikamwomba mama ruhusa. Akatoa maua, akakunja kitambaa mara nne, akaniambia, "Usije ukaniharibia."

Chombo kilichokaa kimya miaka mingi usikichomeke ukutani kwanza. Najua hamu ilivyo. Watu wengi wanachomeka "nione tu kama inawaka", na huko kuona tu ndiko kunakoua kilichobaki kizima. Nilifungua skrubu nane, nikanyanyua kifuniko. Vumbi lilikuwa limelala kama blanketi la kijivu. Mayai ya mende kwenye pembe, na juu ya moja ya kapasita kubwa mbili, zile kopo za kutunza chaji ya umeme, mjusi mkavu amenyooka kabisa, mkia haujavunjika. Nikamtoa kwa koleo. Kisha nikafanya kilichonipeleka: nikazungusha kile kifuniko cha nyuma kwa sarafu.

Zilikuwepo, zote tatu. Hewa ya chumvi ya Tanga ilikuwa imezigeuza kijani, lakini msokoto ulikuwa uleule wa vidole vya mtoto, umezidi upande mmoja na kuachia upande wa pili. Fyuzi ya mahali pale ni ya ampea 2. Uzi mmoja wa shaba wenye unene wa robo milimita hauyeyuki hadi upitishe karibu ampea 10, nami niliweka tatu. Kwa maneno mengine, tangu siku ya Stella redio ya baba haikuwa na fyuzi kabisa.

Baada ya hapo nilihitaji balbu. Sisemi hizi za kubana matumizi. Nasema ile balbu ya uzi, ya wati 100, inayounguza mkono. Ukiiunganisha kwa mfululizo na chombo unachokipima, umeme wote unaokwenda kwenye chombo lazima upite kwanza kwenye balbu. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na chombo kinabaki salama. Kama hakuna shoti, balbu inamulika mara moja, kapasita zinapojaza, kisha inafifia. Ni kifaa cha bei ya soda chenye akili kuliko mita nyingi. Shida ni kwamba madukani zimekwisha. Nilizunguka maduka manne, kila mmoja ananiletea za LED na kunitazama kama nimetoka pangoni. Mwisho mama akasema, "Si uende kwa yule jirani wa vifaranga?" Kweli, wafugaji ndio waliobaki nazo, za kuwapa vifaranga joto. Jirani akaniazima moja kwa sharti la kurudisha kabla ya magharibi.

Nikageuza na kichaguzi cha volti nyuma, maana kilikuwa kwenye 220 wakati laini yetu inafika 240 usiku wa manane. Nikachomeka. Balbu ikamulika, ikafifia ikabaki nyekundu kama kaa la sigara. Taa za uso wa redio zikawaka kwa unyonge, moja imekufa. Transfoma ilikuwa nzima, na ilikuwa nzima miaka yote 31.

Kisha nikasubiri mlio.

Asiyezijua redio hizi anadhani ule mlio wa "tak" sekunde tatu au nne baada ya kuwasha ni mbwembwe. Ni rilei, swichi ndogo inayosukumwa na sumaku, imesimama kati ya amplifaya na spika. Kabla ya kufunga njia, saketi inayoilinda hujiuliza: je, kuna mkondo mnyoofu unaotoka? Muziki ni mkondo geu, unakwenda na kurudi, na utando wa spika unakwenda na kurudi nao. Mkondo mnyoofu unausukuma utando upande mmoja na kuushikilia hapo huku koili inapikika. Rilei ikiona hivyo, inakataa kugonga.

Nikahesabu hadi kumi, nikahesabu hadi thelathini. Kimya.

Mita ikanipa jibu kabla sijapata jasho. Upande wa kushoto, milivolti 14, ambayo ni sawa na hakuna kitu. Upande wa kulia, volti 31 hasi. Hiyo ni volti yote ya upande hasi wa pawa, imemwagika hadi mlangoni mwa spika. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni karibu ampea 4 mfululizo, wati 120 za joto tupu kwenye koili nyembamba kuliko uzi wa cherehani. Kwa hiyo usiku ule wa harusi rilei iliziokoa spika za baba, na kwa miaka 31 tumekuwa tukiita uaminifu wake ugonjwa.

Nikazima, nikachomoa plagi, nikasubiri, kisha nikamwaga chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya omu 100. Wengine hugusisha bisibisi wakafurahia cheche. Cheche hiyo inakula miguu ya kapasita na siku moja itakula jicho lako.

Transista kubwa za upande wa kulia, zinazokuza sauti na kuisukuma hadi kwenye spika, ni mbili, za chuma, umbo la yai, zimefungwa juu ya bamba la kupoza joto. Zote mbili zilisoma sifuri, yaani ndani zimeyeyuka zikawa kipande cha waya. Transista ndogo inayoendesha moja wapo nayo imekwenda. Na kando yake nikaikuta rezista, kipingamizi cha mkondo, nyeupe ya kauri, chini ya nusu omu, imepasuka katikati kama muhogo mkavu. Hapo picha ikakamilika. Waya za spika zilipogusana, umeme ulitafuta pa kukatikia. Kwenye fyuzi haukupapata, kwa sababu palikuwa na nyuzi zangu. Ukashuka chini, ukaua transista, na kamba hukatikia pabovu: rezista ya shilingi mia chache ikakatika badala ya fyuzi, ikaiokoa transfoma.

Nilikaa kidogo na ile rezista mkononi. Mama akapita na sinia la mchele, akauliza kama imeshindikana. Nikasema bado.

Spea ndizo zilizonichosha. Transista za Kijapani zina namba zinazoanza na 2SA, 2SB, 2SC au 2SD, ila kwenye gamba mara nyingi 2S haiandikwi, kwa hiyo ukisoma A au B ujue ni PNP, ukisoma C au D ni NPN, aina mbili zinazofanya kazi kwa mielekeo kinyume ya umeme. Hizi za baba zilikwisha kutengenezwa zamani. Nilirudi Dar nikanunua Kariakoo jozi mbili zenye namba ileile, maandishi meupe yanang'aa. Yaling'aa mno. Nikafuta moja kwa pamba yenye spiriti na namba ikaja na pamba. Nikaikata kofia kwa msumeno wa chuma: ndani, badala ya kipande cha silikoni cha kujaza ukucha, kuna chembe kama ufuta. Ingepita mtihani wa mita bila shida, na ingekufa ukiongeza volyumu kidogo tu. Simlaumu hata muuza duka, huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Lakini kama unafanya kazi hii, kata moja uone. Hasara ya kukata moja ni ndogo kuliko hasara ya kuziamini nne.

Binamu yangu alikuwa anakuja kutoka Muscat mwezi wa kumi. Nikamwagiza transista mbadala, MJ15003 na MJ15004, kutoka kwa muuzaji anayeaminika, jozi mbili. Umbo ni lile la yai, na uwezo wake ni mkubwa kuliko redio hii itakavyowahi kuhitaji. Nilibadilisha pande zote mbili, ingawa upande wa kushoto ulikuwa mzima, ili masikio yasipate nyumba mbili. Redio ilikuja na mjomba kutoka Muscat, na spea zake zikaja na mtoto wake kutoka hukohuko, safari hii ndani ya kopo la halua.

Desemba nikarudi Tanga. Kufunga transista hizi kuna jambo moja ambalo ukilikosea umerudi mwanzo: gamba lake la chuma lina umeme, na lile bamba la kupoza halitakiwi kuguswa na umeme huo. Kati yake kunakaa karatasi nyembamba ya ulanga, imepakwa dawa nyeupe ya kupitisha joto. Chembe moja ya chuma chini yake inatosha kuitoboa. Nilifuta, nikapaka, nikakaza, nikapima, nikafungua moja nikafunga tena kwa sababu mita ilinipa namba nisiyoipenda.

Nikaenda kuazima balbu tena. Jirani alikuwa na vifaranga wapya, akanipa dakika ishirini.

Balbu ikamulika, ikafifia. Kulia: milivolti 18. Moja, mbili, tatu, nne.

Tak.

Mama alikuwa jikoni. Akaita, "Umevunja nini?"

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira, naipita haraka. Mkondo wa transista zikiwa zimetulia unarekebishwa kwa kijiskrubu kidogo sana, baada ya redio kupata joto robo saa, na ukikizungusha kwa pupa unaziua ulizonunua. Kapasita nilibadilisha sita tu, zile zilizopima vibaya. Kuna dini siku hizi ya kung'oa kapasita zote kwa kuwa ni za zamani. Mimi si muumini. Kila unapolehemu ubao wa miaka 45 unaweza kunyanyua njia ya shaba, na hapo umeongeza tatizo ambalo halikuwepo.

Upande wa kushoto nao, uliokuwa mzima, ukawa unakuja na kupotea. Ni rilei hiyohiyo, miguso yake imeshika kutu ya kukaa bila kazi. Usitumie msasa, utakwangua madini yaliyopakwa juu. Chana karatasi safi, iloweshe spiriti, ipitishe kati ya miguso huku umeibana taratibu, uvute. Karatasi ilitoka na mstari mweusi. Ya nne ikatoka nyeupe. Kitasa cha volyumu, kilichokuwa kinakwaruza kama mtu anatembea juu ya changarawe, nilikipulizia dawa ya miguso na kukizungusha mara arobaini. Mwisho kabisa nikaweka fyuzi ya kioo ya ampea 2, shilingi mia tano.

Tuliiwasha jioni. FM, ambayo zamani ilikuwa bahari tupu, sasa imejaa toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, sindano haina pa kupumzika. Nikahamia masafa ya kati nikitafuta Zanzibar, nikakuta mngurumo mzito kila mahali. Nilidhani nimekosea kitu. Kumbe ni chaja ya simu ya mama. Nilipoichomoa, nusu ya mngurumo ikaondoka. Nilipozima taa ya LED ya sebuleni, nusu nyingine ikaondoka pia. Tukakaa gizani, mimi na mama, na mwanga wa njano wa uso wa redio. Akasema nirudi FM, wanakaribia kutangaza vifo.

Yalipoisha matangazo alisimama, akachukua kitambaa chake cha kufuma, akakitandika juu ya redio kama kilivyokuwa, akaweka na maua. Nikamwambia, mama, hapo juu kuna matundu, joto linatokea hapo, ukifunika utaua zile transista, na safari hii sina binamu anayekuja karibuni. Akanitazama. Nikajikuta namweleza yote: fyuzi, Simba, nyuzi tatu, harusi, kwamba radi haikuhusika.

Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshikilia pembe ya kitambaa.

"Kwa hiyo wewe uliyeichoma kwa waya," akasema, "ndiye unayenifundisha mimi habari ya kitambaa?"

Kitambaa kipo palepale. Maua nayo yapo. Asubuhi, kabla hajaamka, nilikinyanyua na kuweka chini yake vizibo vinne vya soda, kila pembe kimoja, hewa ipite.